Mashine ya Watu Wawili

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Boti imekwisha! Fundi Ngosha kamaliza rangi jana, buluu chini, nyeupe juu, na leo Pius kanishusha mpaka ufukweni niione. Kanishika mkono kwenye mawe kana kwamba ni mimi niliyefanyiwa operesheni.

Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Futi ishirini. Mbele ina chumba kidogo, ukiingia unainama, na vitanda viwili vyembamba, kimoja kulia, kimoja kushoto. Jiko la mkaa lina mahali pake. Hata ndoano ya kutundikia taa ipo. Bado mashine tu ya kuning'iniza nyuma.

Pius anataka kuzunguka visiwa. Si kuvua, si kubeba abiria — kuzunguka tu! Mzee mzima, mstaafu, anataka alale majini, achemshe chai, aamke aende kisiwa kingine, mpaka afike Ukerewe kwetu. Nilimwambia tangu ubao wa kwanza: nenda, ukirudi utakuta ugali. Mimi majini siingii. Niliingia kwenye mtumbwi nikiwa mtoto, ukajaa maji, ilinitosha. Nikienda kwetu nazunguka na basi, Magu, Bunda, mpaka Kisorya, halafu kwenye kile kivuko kifupi nafumba macho. Ndugu zangu wananiuliza Mkerewe gani wewe. Waulize tu.

Kinachoninyima raha nakiandika hapa maana kwa mdomo nimechoka. Juni Pius alipasuliwa henia kule Sengerema. Daktari alisema mbele yangu: mwaka huu wote usinyanyue kitu kizito, hata ndoo iliyojaa. Usivute, usisukume. Ikirudi ukiwa mbali na hospitali, tusilaumiane. Pius akaitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu kama mtoto wa kipaimara.

Na bado anapanga kwenda visiwani peke yake.


Jumatatu, 4 Agosti

Wanaume watatu, mashine tatu.

Ngosha kaja na "mwangaluka mayu" yake ya kuniamkia Kisukuma, kakaa barazani, anasema mashine ya nane, yaani nguvu za farasi nane. Boti ni nyepesi, ameijenga mwenyewe, anaijua. Jirani yetu Obedi, mvuvi, kasikia toka kwake akaja bila kuitwa: ya arobaini! Ziwa hili likikasirika unataka kitu cha kukukimbiza. Halafu Pius kampigia Umang wa duka la mashine mjini, spika imefunguliwa, na Umang anasema ya kumi na tano, mzee, katikati, utanishukuru. Ngosha akacheka, eti mwenye duka asipotaja kubwa ujue ndogo zimemwishia.

Pius aliwasikiliza wote, akaandika. Alipima pamba Magu mpaka anastaafu, kitu kisicho na kilo kwake hakipo. Kaandika uzito wa kila mashine, kaandika na uzito wa Ngosha kwa kumkadiria. Ngosha hakufurahi.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Miaka yote ya Magu mashine ya kusaga ilikuwa yangu. Nilizungusha hendeli ya kuiwashia kila asubuhi, na nilijifunza kwa hasara: mashine ndogo kwa jiwe kubwa la kusagia inalia mpaka inakufa, na mashine kubwa kwa jiwe dogo inakula dizeli na kutikisa ukuta. Baba yake Umang, mzee Chandrakant, ndiye aliyetuuzia ile iliyofaa, na aliniuliza mimi maswali, si Pius.

Leo nilipitisha sukari.


Jumatano, 6 Agosti

Jioni nilishuka kununua sato. Nikaona kitu ninachokiona kila siku.

Jua likianza kuteremka, mashine zote zinatoka kwenye boti. Zote! Hakuna inayolala ziwani, ukiilaza huko asubuhi huikuti. Mwanamume mmoja alipita na ya nane begani, taulo chini yake, anapiga mluzi. Ya arobaini ya Obedi ilikuwa inaning'inia kwenye mti, mtu mbele, mtu nyuma, wanatweta. Nikamuuliza Obedi kwamba huku vijana wa kubeba wapo, visiwani je? Kasema visiwani ndiyo zaidi, Mama Precious. Mashine inalala unapolala wewe, na asubuhi inarudi na wewe.

Nimepanda mlima wetu huu wa mawe nawaza. Ya nane ni ya mtu mmoja. Pius akiipata ataiweka begani, henia au bila henia, nawe umwite usimwite. Atakwenda nayo peke yake. Ya arobaini haitoki kwenye nyumba hii bila mtu wa pili, na kisiwani haishuki bila mtu wa pili. Kwa hiyo atalazimika kwenda na mtu. Obedi, Ngosha, yeyote, mradi pawepo mwenye simu na akili.

Wamepima boti yote, na mlima hakuna aliyeupima.

Basi mimi niko na arobaini. Sato nilimsahau juu ya jiwe nilipopumzikia, ikabidi nirudi kumfuata.


Ijumaa, 8 Agosti

Pius kaenda maonyesho ya Nane Nane kuangalia matrekta ambayo hatanunua. Nikapata nafasi. Nikaenda mjini dukani kwa Umang, mlango nusu wazi kwa ajili ya sikukuu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja na ombi la kijinga.

Nikamweleza. Mwambie Pius achukue arobaini. Umang alijikuna kichwa, akaangalia picha ya baba yake ukutani kana kwamba itamsaidia. Akasema mama, boti yenyewe futi ishirini, ina chumba, sijui. Nikamwambia boti siyo shida yangu, shida yangu ni tumbo la mzee. Akasema atajaribu, lakini hataki kumdanganya mzee Pius. Nikamwambia si kudanganya, ni kushauri.

Njiani kurudi sikuwa na amani. Nimenunua ndizi ambazo hatuna haja nazo.


Jumapili, 10 Agosti

Umang kapiga simu. Pius anaruka! Arobaini! Anasema kwa arobaini atatoka hapa asubuhi na atakuwa Nansio, Ukerewe, kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Kamwita Obedi wakapongezana kama waliofunga goli. Wakati wa chakula anaonyesha kwa mkono jinsi boti itakavyoinua pua.

Sikufikiria hilo la mwendo. Nilifikiria uzito tu.

Precious kapiga toka Dodoma. Nikampa baba yake aongee naye. Binti anasema Baba, umri huo na mwendo huo vinapatana? Baba mtu akajibu mtandao mbaya.


Jumanne, 12 Agosti

Nimepiga kelele leo mbele ya ufukwe mzima.

Pius hanunui kitu bila kukipima, nilipaswa kujua. Leo mchana kamwambia Ngosha ajaze ndoo nne za maji na kuzipanga nyuma kabisa ya boti, pale mashine itakapokaa. Ndoo nne zinakaribia ile ya arobaini. Pius mwenyewe akaenda kukaa hapo hapo nyuma, kama atakavyokaa akiendesha. Akaweka na dumu la petroli. Mimi nilikuwa juu ya jiwe na kitenge kichwani, mtazamaji.

Boti ikakaa. Nyuma ikashuka, mbele ikapanda, na vile vitundu vya kutolea maji ya mvua vikaanza kuingiza maji badala ya kutoa. Polepole, bila kelele. Maji yakafika kwenye viatu vya Pius, naye anainama anayaangalia kwa upole, kama anasoma mizani. Walikuwa kwenye maji ya kiuno tu! Lakini mimi nilishasimama, nilishapiga kelele. Ngosha akamwaga ndoo.

Hapo hakuna wimbi wala upepo. Wangekuwa katikati ya ziwa je?

Pius anasema arobaini haifai, basi. Halafu akashangaa: Umang anazijua boti, imekuwaje amshauri vile? Amekasirika. Anasema kijana siku hizi anataka kuuza tu, marehemu baba yake asingefanya hivyo.

Mimi nilikuwa nakunja kitenge.


Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia. Sikuweza kumwacha Umang abebe jina baya kwa ajili yangu. Nimesema ni mimi, nilitaka mashine usiyoiweza peke yako.

Nilifikiri atacheka, maana Pius hucheka. Hakucheka. Akasema: kwa hiyo hata wewe unaniona mgonjwa. Akasema: ya nane. Nitaibeba mwenyewe na sitamsumbua mtu.

Akampigia Umang kumwomba radhi. Mimi hajaniambia kitu kingine.


Alhamisi, 14 Agosti

Hatuongei. Ugali umeliwa.


Jumamosi, 16 Agosti

Ngosha kaazima mashine ya nane kwa rafiki yake. Kaibeba yeye, kaifunga yeye, kavuta kamba yeye. Pius kaendesha. Wakatoka saa sita na maji yametulia, na Pius kanipungia mkono kutoka kule chini. Nilimpungia pia. Ndiyo maongezi yetu ya kwanza tangu Jumatano.

Saa tisa upepo wa mchana ukaja kama kawaida yake. Nilikuwa naanua nguo. Nikaisikia mashine kabla sijaiona boti. Inalia. Mlio huo naujua hata nikiwa usingizini: jiwe kubwa, mashine ndogo. Nikatazama — boti iko nje ya miamba, pua inaelekea kwetu, na haisogei. Kile chumba chake kizuri kimekamata upepo wote. Inalia, haisogei. Inarudi nyuma!

Niliachia nguo zikaanguka. Nilishuka mawe yale kwa mbio ambazo sijazikimbia tangu ujana wangu. Kufika chini nikakuta sina la kufanya. Nikasimama na nguo moja mkononi, shati lake.

Upepo uliwasukuma mpaka ufukwe mwingine kabisa, wakarudi kwa miguu wamelowa, Ngosha na mashine begani; boti Obedi kaahidi kuivuta kesho. Ngosha sasa anasema kwa kweli nane ni ndogo, chumba hakukifikiria. Pius kachukua shati, kavaa, kasema asante.

Usiku huu kalala mapema. Nimemfunika miguu.


Jumatano, 20 Agosti

Leo niandike yote.

Mazoezi ya kwaya yalivunjika, mwalimu anaumwa koo. Nikarudi mapema. Pale njia inapopinda chini ya jiwe kubwa namkuta Pius amekaa chini, mkono tumboni, jasho. Pembeni yake ndoo imejaa mchanga na taulo juu yake.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na kelele nyingi sana lakini nilipomwona uso zilikwisha.

Nikamuuliza inauma? Kasema imeshtuka tu. Nikamuuliza ndoo ni ya nini, ingawa nilishajua. Kasema ni ya kumi na tano. Kaupima mchanga kwenye ile mizani yake ya zamani mpaka ukalingana na mashine ya kumi na tano kilo kwa kilo. Arobaini inazamisha, nane haisogezi, imebaki kumi na tano, sasa anajizoesha kuipandisha. Ameanza Jumatatu. Kila mimi nikitoka.

— Baba Precious, daktari alisema nini?

— Alisema mengi.

— Na vijana wa pale chini si wapo?

— Huku wapo. Kisiwani jioni nitamwita nani? Nisimame kwenye maji niombe watu?

Nikakaa naye chini. Tukaangalia ziwa, maana ukikaa pale huna kingine cha kuangalia. Akaanza kusema bila kuniangalia. Kwamba Magu alikuwa akinyanyua robota la pamba peke yake na watu wanne wanatazama. Kwamba kinachomuuma si tumbo, ni ile siku Ngosha alipomnyang'anya ndoo mkononi kwa heshima. Akasema na hili, nimelirudia njia nzima ya kupanda:

— Kitanda cha pili ulidhani ni cha nani?

Nikasema nilidhani ni cha mizigo.

— Mizigo inakaa chini ya kitanda, Odeta. Sikukuuliza kwa sababu ungekataa. Nikaona nikikataliwa kabla ya boti, sitaijenga.

Hajaniita Odeta tangu Precious azaliwe.

Nilibeba ndoo. Yeye akataka kuichukua, nikamwangalia, akaacha. Niliumwaga mchanga katikati ya njia ndipo nikaweza. Sasa kalala, na mimi nalia kidogo, si kwa uchungu hasa. Nina hasira naye pia. Vyote viwili.


Alhamisi, 21 Agosti

Tumevuka asubuhi kwenda Sengerema. Kwenye kivuko nilikaa katikati, mbali na maji, macho kwenye viatu. Pius alisimama pembeni kwenye chuma anatazama mawimbi, halafu akaja kukaa na mimi.

Daktari kampapasa. Haijarudi. Kasema una bahati, mzee, na bahati si dawa. Akaniuliza mimi: nani anamlinda huyu? Nikasema mimi. Pius akamwambia daktari kwamba nampima kila siku.

Kwenye kurudi akaniambia kwa sauti ndogo kwamba boti anaweza kumuuzia Obedi, akitoe chumba, aivulie. Alisema vizuri tu, kama mtu anayeongelea baiskeli. Nikamwangalia mikono. Ilikuwa imeshikana sana.


Ijumaa, 22 Agosti

Sikulala vizuri na nimeamua.

Wakati wa chai nimemwambia: chukua kumi na tano. Ndiyo inayoifaa boti, Umang alisema tangu siku ya kwanza, na ungeniuliza mimi kabla ya Ngosha na Obedi ningekwambia hivyo hivyo. Akasema hukuulizwa? Nikasema sikuulizwa. Akaweka kikombe. Akasema samahani, Mama Precious, kwa kweli.

Nikaendelea kabla sijaogopa. Tutaibeba kwa mti, wewe mbele, mimi nyuma. Kushuka na kupanda, kila siku utakapotaka kutoka. Mpaka ukingoni tu! Majini simo, tuelewane.

Alitaka kuuliza kitu. Najua alitaka kuuliza. Kisiwani je? Hakuuliza. Akasema tumeelewana.

Na mimi nimejiuliza siku nzima nikikuna nazi. Kisiwani je?


Jumatano, 27 Agosti

Imefika! Umang kaileta mwenyewe na pikapu mpaka barabara inapoishia. Akaniamkia huku anacheka. Nikamwambia leo sina ombi lolote. Akasema mama, ukiwa na ombi lingine uje na la mashine ya kusaga, hizo ninazielewa.

Ngosha kaifunga kwenye boti, kavuta kamba mara mbili, ikawaka. Wakazunguka na Pius mpaka miambani na kurudi, tena saa tisa na upepo wake. Nilifumba macho nisikilize vizuri. Hailii. Inanguruma chini chini, imeshiba, ina akiba. Nilitaka kumwambia mtu, nikamwambia mama mmoja aliyekuwa anafua. Akaniambia hongera.

Halafu kupanda. Hili hatukulipima! Pius mrefu, mimi mfupi, na mlimani mzigo unateleza kwa aliye chini. Pius akasema basi yeye awe chini, maana ni mwanamume. Nikasema aliye chini ndiye anayebeba, na anayebeba ni asiye na mshono. Tukabishana katikati ya njia, mti begani, mashine inabembea. Obedi kapita na watu wake wawili na arobaini yao, kasema jamani, ndoa hiyo!

Tukaifunga mashine kwa kamba karibu na bega langu isiteleze. Tunapumzika kila jiwe pana. Pius uzito hakuupata hata robo, nilihakikisha, ila alikuwa anahesabia hatua kwa sauti, moja-mbili, moja-mbili, na aliimba kidogo. Bega langu limevimba. Tumbo lake halijashtuka.

Mashine imelala sebuleni, imefunikwa shuka la wageni. Kila tukipita tunaiangalia.


Jumapili, 31 Agosti

Naandikia kwenye goti na mwandiko huu nisilaumiwe.

Tulisali misa ya kwanza. Maji leo yamelala kabisa, hakuna hata mkunjo. Pius akaomba tuishushe, azunguke kidogo tu, nusu saa, halafu tukanywe chai. Nikakubali. Tumeishusha vizuri kuliko siku zote, yeye nyuma safari hii maana kushuka mzigo unakuja kwa wa mbele. Nimejifunza. Tukaifunga pamoja kwenye boti, mimi nimesimama kwenye maji ya magoti, gauni la kanisani limekunjwa kiunoni, mkoba begani, na ndani ya mkoba kitabu hiki.

Mpaka hapo hakuna aliyekumbuka kamba.

Mashine inawashwa kwa kuvutwa. Kwa nguvu, mara moja, toka tumboni. Kila mara alivuta Ngosha. Ngosha yuko Magu kwenye harusi. Obedi na wenzake wako misa ya pili. Ufukwe mzima tuko sisi na bata wa mtu.

Pius akaishika kamba. Tukaangaliana.

— Iache.

— Mara moja tu.

— Baba Precious, iache hiyo kamba.

Akaiacha. Akakaa kwenye ubao, mikono kwenye magoti, akasema basi, tuipandishe nyumbani. Hakulalamika. Angelalamika ningemwacha pale.

Nimezungusha hendeli ya mashine ya kusaga miaka yote ile, mimba ya Precious tumboni nikiizungusha. Kamba ni nini? Nikamwambia sogea. Lakini kutoka majini huifikii vizuri, inatakiwa usimame ndani, mguu mmoja uegemee ubao. Nikamwambia naingia kuwasha, halafu nashuka. Akasema sawa, kuwasha halafu kushuka. Akanipa mkono.

Boti inacheza ukiikanyaga, hilo nilikuwa nimelisahau. Nikaishika kamba, nikaegemeza mguu, nikavuta. Kimya. Nikavuta ya pili kama ninayemvuta mbuzi wa mtu shambani kwangu — ikawaka! Ikawaka kwa mkono wangu! Nilipiga kigelegele peke yangu, bata wakakimbia.

Halafu nikageuka nishuke. Na jiwe letu lilikuwa mbali.

Ameifungua kamba ya nanga lini? Namuuliza, anasema boti ilijisogea. Boti haijisogei. Anasema nikitaka anageuza sasa hivi, hatua chache tu, niseme neno. Uso wake anaugeuzia mbele ili nisiuone.

Nimeingia humu chumbani maana nje sikuweza kutazama. Nimekaa kwenye kitanda cha kushoto. Kuna blanketi limekunjwa, na chini ya mto nimekuta kopo la majani ya chai, yale ninayokunywa mimi, yeye hayapendi. Jaketi la kujiokolea lipo, jipya, limetundikwa kwenye ndoano ya taa. Ni dogo. Yeye haliwezi kumtosha. Nimelivaa juu ya gauni la kanisani.

Kupitia kidirisha naona nyumba yetu, ndogo, juu ya mawe, na nguo nilizosahau kuanua. Sijawahi kuiona kwa upande huu. Kalamu haitulii mkononi, mashine inaitikisa, lakini mlio ni mzuri. Ikizimika, nani ataiwasha? Mimi tu. Nimegundua hilo sasa hivi na nimeshika ukingo wa kitanda.

Pius anaita toka nyuma. Anasema Odeta, Kayenze ile pale, njia ya kwenda kwenu, tuendelee au nigeuze?

Nimemwambia angoje, nimalizie kuandika.